Masika ya Fundi Kesho

Machi 2, Jumapili
Mvua imeanza, na wateja wameanza kunikimbia. Msusi hana adui kama wingu. Mtu akiliona tu, anaahirisha nywele zake hadi juma lijalo. Kwa hiyo tangu mchana nimekaa saluni peke yangu na tivi yangu, nikairudia filamu nzima ya yule askari anayelipua maghala. Maoni yangu: mwanamume anayetembea kuja mbele huku ghala linalipuka nyuma yake, asigeuke hata kutazama, si shujaa, ni mtu asiyejali mali za watu. Mimi balbu ikipasuka tu, nageuka.

Jana nilimwambia hivyo Mwalimu Mstaafu nikiwa namtia rangi nywele. Alicheka mpaka rangi ikamwingia sikioni. Akasema, "Binti, maoni yako uyaandike. Unayamwaga hewani bure." Basi nimenunua shajara hii, na naanza na sheria zangu ili anayesoma ajue anasoma nani. Mchekeshaji akicheka kabla yangu, nabadilisha chaneli. Vicheko vya kurekodiwa, nabadilisha. Mwanamke anayeamka asubuhi kitandani na wanja haujachafuka, nabadilisha, tena kwa hasira, maana ile ni kazi yangu na najua inachukua muda gani. Lakini kipindi kinachomcheka mtu kwa jinsi Mungu alivyomuumba, nakizima kabisa. Baba yangu ana kigugumizi. Nimekua nikiona watu wanavyomtazama kwenye foleni, na sitaki kuwaona tena sebuleni kwangu.

Machi 5
Mvua. Mteja mmoja. Filamu ya mapenzi: waligombana kwa sababu kila mmoja alikataa kumuuliza mwenzake swali moja dogo. Saa mbili za maisha yangu zimekwenda.

Machi 9, Jumapili
Kaka yangu atatokea kwenye tivi! Naandika polepole ili mkono usinitoroke. Kaka yangu, fundi bomba, yule aliyetoboa ukuta wangu mara mbili akitafuta bomba moja, atatokea kwenye *Ghorofa ya Tatu*. Hicho ndicho kichekesho cha wapangaji kinachoonyeshwa kila Jumapili jioni, na ndicho pekee cha nyumbani ambacho sijawahi kukizima.

Ilikuwa hivi. Jumatano bomba lilipasuka kwenye jengo wanakorekodia, wakamwita. Akiwa chini ya sinki, anamwombea dua baya kila aliyewahi kufunga bomba lile, mwongozaji wa kipindi akaja akasimama juu yake. Mwigizaji wa siku ile, aliyetakiwa kuwa fundi, alikuwa amekwama njiani kwa mafuriko.

"Unaweza kusema maneno mawili mbele ya kamera?"

"Maneno gani?"

"'Nitakuja kesho.'"

Kaka akamwambia, "Mzee, hayo mbona nayasema kila siku, tena bila malipo."

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani yetu, Mama Pacha, akaja mbio akidhani nimepata mchumba.

Machi 16, Jumapili
Tulikuwa wote sebuleni: Baba, Mama, mimi, wifi yangu, Mama Pacha na pacha wake, na Kaka mwenyewe kwenye kiti cha mbele, shati limepigwa pasi. Dakika nzima tuliona miguu tu imetokeza chini ya sinki. Mama akasema, "Ile ni miguu ya mwanangu. Hata ingekuwa kwenye umati wa watu elfu, ningeijua." Kisha Kaka wa kwenye tivi akatoka chini ya sinki, akamtazama mpangaji, akafuta mikono yake kwenye pazia la mpangaji, kwa utulivu, kidole kwa kidole. Akasema, "Nitakuja kesho."

Ni hayo tu. Lakini lile pazia! Nimemuuliza nani alimfundisha. Hakufundishwa na mtu. Mimi nimetazama vichekesho tangu nikiwa na meno ya utoto, na nasema bila upendeleo wa damu: kutokuharakisha vile ni kipaji.

Baba alicheka akavua miwani. "Mwa-mwana..."

"Mwanao, ndiyo, ni mwanao," Mama akamalizia. Mama humalizia sentensi za Baba kama mtu anayempokea mwenziwe mzigo mlangoni. Hata hangoji kuombwa.

Machi 18
Saluni imejaa, na mvua haijakatika. Wamekuja kumtazama dada wa Fundi Kesho. Hilo ndilo jina walilompa kwenye kipindi, na wamemwomba arudi kila juma. Nimeweka picha yake juu ya kioo. Mteja mmoja ameniuliza kama huwa nachekesha vilevile. Nimemwambia mimi ndiye niliyebaki na akili ya familia.

Machi 23, Jumapili
Kaka alikuwa na maneno tisa leo. Yote tisa yametua.

Machi 30, Jumapili
Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na mvua. Ilinyesha kwa kelele kiasi kwamba tuliongeza sauti ya tivi hadi mwisho. Tulikaa kama kawaida, Kaka kwenye kiti cha mbele. Leo alikuwa mkimya, nikadhani ni maringo ya umaarufu.

Mpangaji akamuuliza Fundi Kesho bomba litapona lini. Fundi akafumba macho. Kidevu kikaruka juu mara tatu. "Ke-ke-ke-ke-kesho."

Kile kidevu nakijua. Kimekaa mbele yangu mezani maisha yangu yote.

Kwenye tivi walicheka. Mama Pacha naye alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Pacha wake walishaanza kuigiza, ke-ke-ke, akawafinya. Mama alinyanyuka akaenda jikoni, ambako hakukuwa na kitu cha kufanya. Mimi nilikuwa nimeshika rimoti. Sheria yangu ipo, nimeiandika kwa mkono wangu, nazima kabisa. Lakini ningemzima vipi kaka yangu, mbele ya Baba, naye Baba anatazama?

Baba alitazama mpaka mwisho. Hakupepesa. Majina yalipoanza kupita akasema, "Nzu-nzuri," akaenda chumbani kwake, akaurudisha mlango taratibu.

Wifi akamgeukia mumewe. "Ulijua hiki kinakuja, ukatuleta tukae hapa?"

"Mwongozaji alitaka niongeze kitu," Kaka akaviambia viatu vyake. "Nikaongeza. Walicheka wote pale, hata wapiga picha. Sikufikiri..."

Hakumalizia, na hakuna aliyemmalizia.

Aprili 1
Baba alikwenda dukani kununua wembe. Muuza duka, ambaye si mtu mbaya, alimpokea kwa furaha: "Ke-ke-kesho, mzee!" Baba amerudi bila wembe. Ameniomba mimi niende. Amesema ni kwa sababu ya mvua.

Aprili 3
Baba hajatoka. Ndevu zimeanza kuwa nyeupe kidevuni. Mvua inasingiziwa mengi nyumba hii.

Aprili 4, Ijumaa
Kaka alikuja saluni mchana, ametota, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa namsuka Mwalimu Mstaafu, ambaye alifumba macho akajifanya amelala. Hakulala. Nilimshika kichwa, najua.

"Umeninunia," Kaka akasema.

"Nimekunyamazia. Kununa ni kwa watu ninaowadai heshima. Wewe sikuwahi kukudai, nilikuwa naona unayo."

"Mdogo wangu, watu wanacheka. Watu wasionijua wananisimamisha barabarani, wananishika mkono. Unajua ni mara ngapi mtu amemshika mkono fundi bomba?"

"Na Baba wanamshika nini?"

Akakamua maji kwenye shati lake. Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria tangu pale: "Waliponiambia niongeze kitu, niliitafuta sauti ninayoijua kuliko zote duniani. Nikakuta ni yake. Sikuichukua kwa dharau. Niliichukua kwa sababu naipenda."

Mkono wangu ulisimama kwenye msuko. Nikamwambia, "Basi ungechukua na akili yake. Umechukua ulimi tu, ukamwachia mzee aibu."

Aliondoka akaacha mwavuli. Nilimwona anapita dirishani, mvua yote inamwishia kichwani. Mwalimu Mstaafu akasema, macho bado yamefumbwa, "Binti, umekaza mno. Nywele, namaanisha."

Aprili 6, Jumapili
Niliamua hatuwashi tivi. Ilipofika wakati wake Baba alitoka chumbani, akakaa, akasema, "Wa-washa."

Nikawasha. Ke-ke-ke tena, mara nne, na kidevu. Kaka na wifi hawakuja; viti viwili vilikuwa vitupu. Lakini Baba alikuwa na sura niliyowahi kuiona zamani, tulipompelekea chakula kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi. Alikuwa anachungulia kwenye kioo cha tanuri vilevile: hana hasira wala huzuni, anakagua tu. Mwishoni akasema, "Mwi-mwite kaka yako."

Aprili 7, Jumatatu
Nimefunga saluni mapema ili niandike haya yote kabla sijasahau neno.

Kaka alikuja jana usiku na mkewe. Alisimama mlangoni kama mgeni. "Shikamoo, Baba." Baba aliitikia, akamwonyesha kiti kinachotazamana na chake. Mama alikaa pembeni ya Baba, tayari kupokea mzigo. Baba akamwekea mkono gotini, kwa upole, na Mama akaelewa. Alifunga mdomo. Naapa lilikuwa tukio la kwanza.

"U-unaniigiza vibaya," Baba akasema.

"Nisamehe, Baba."

"Sijasema u-unanikosea. Nimesema u-unaigiza vibaya. Kazi mbovu." Akanyoosha kidole. "Wewe unafumba macho. Mimi sifumbi macho. Nikikwama, na-namtazama mtu."

"Kwa nini?"

"Ili nione a-anavyofanya. Anaogopa. Ha-hawezi kungoja. Anaanza kunimalizia. Na mtu akinimalizia, ha-hasemi yangu. Anasema yake."

Hapo akatuambia kisa ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukisikia. Kiwandani palikuwa na msimamizi mkali, suruali imepigwa pasi hadi kukata. Siku moja Baba akamfuata akamwambia, "Bosi, ule u-u-u..." Msimamizi akabadilika rangi. "Ule unga? Nani kakwambia habari za unga? Mifuko miwili tu, na nitairudisha!" Baba akamtazama. "U-u-u..." Msimamizi akaanza kutoa jasho. "Haya, mitatu! Na siagi! Usimwambie mtu, mzee wangu, nina watoto." Jioni ile ile unga ulirudi, na siagi ilirudi.

"Ulikuwa unataka kumwambia nini?" Kaka akauliza.

"U-ufagio," Baba akasema. "Nilitaka u-ufagio tu. Nifagie vu-vumbi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wifi aliyekuwa amesimama mlangoni akakaa chini sakafuni. Mama hakucheka. Alikuwa amegeuka mzima mzima kumtazama mumewe.

"Maisha yote haya tunaishi wote, hukuwahi kunisimulia hilo?"

"Ni-nilianza," Baba akamjibu. "Ukanimalizia."

Hapo naye Mama akaanguka. Alicheka akilia, akimpiga Baba begani, akisema Mungu wangu, Mungu wangu. Mimi nimetazama wachekeshaji wanaolipwa kwa dola, wenye waandishi kumi nyuma yao. Nasema hakuna hata mmoja ambaye amewahi kuitua sentensi namna ile. Na mtu huyu alikuwa kwenye chumba cha pili siku zote, mimi natafuta vichekesho kwenye chaneli.

Kaka alikuwa bado anacheka machozi yalipoanza kuwa ya aina nyingine. Baba akamwacha alie. Kisha akasema, polepole sana, "Kichekesho si mimi. Ki-kichekesho ni yule asiyeweza kungoja. Ukimwonyesha yeye, mi-mimi nitatembea njia yoyote kichwa juu."

Aprili 10
Kaka amekwenda kwa mwongozaji. Amemwambia: ama tubadilishe, ama sifanyi. Mwongozaji amemjibu kwamba watu wameshazoea, wanaipenda vile vile, na mafundi bomba wako wengi mjini. Kaka amechukua begi lake la spana akasema, "Basi ita mmoja wao."

Naandika hili kwa kalamu nyekundu ya saluni. Huyo ndiye kaka yangu.

Aprili 13, Jumapili
Fundi Kesho hayumo. Sinki linavuja peke yake na wapangaji wanalizunguka wakisema utani uliochacha. Maoni yangu: ni kama nywele zilizooshwa zikaachwa bila kuchanwa.

Aprili 14
Wateja wote wanauliza yuko wapi. Nawaambia ana kazi nyingine. Ni kweli, anazibua choo cha Mama Pacha.

Aprili 17
Kumbe siku ile anatoka na begi lake, alikutana getini na mwandishi wa kipindi, mwanamke mmoja mfupi mwenye miwani minene, anayejikinga mvua chini ya gazeti. Akamuuliza mbona unaondoka. Kaka akamsimulia kisa cha ufagio, pale pale mvuani. Mwandishi alicheka akadondosha gazeti.

Leo alikuja nyumbani. Aliomba kukaa na Baba. Nilichungulia mara kadhaa nikijidai napeleka chai, na kila mara nilimkuta amefunga mdomo, mikono magotini, anasubiri Baba afike mwisho. Alipoondoka aliniambia, "Nimemwambia mwongozaji kwamba Fundi Kesho akirudi, atarudi kwa namna hii, au aandike mwenyewe." Kwa mtu mfupi, ana msimamo mrefu.

Aprili 20, Jumapili
Bado hayumo. Umeme ulikatika katikati, na hakuna aliyelalamika.

Aprili 27, Jumapili
Mwongozaji alikubali, Fundi Kesho akarudi, na watu walijaa. Ilibidi niwahamishie saluni na kufungua milango yote miwili, na bado watu walisimama barazani na miavuli. Baba alikaa katikati, amenyoa, wembe mpya.

Mpangaji wa chumba cha juu, yule mwenye majivuno, amefuga mbwa kwa siri, na mwenye nyumba hataki mbwa. Fundi Kesho anatoka chini ya sinki, anamtazama. Macho wazi. "Samahani, nilitaka ku-ku-ku..."

Mpangaji anameza mate. "Kuniuliza ile sauti ni ya nini? Ni redio."

Fundi anamtazama tu. "Ku-ku..."

"Kumwambia mwenye nyumba? Ni mbwa mdogo! Hana hata meno!"

"Ku-ku-ku..."

"Haya! Wako wawili! Na yule kasuku pia ni wangu!" Anaporomoka kwenye kiti, amemwaga siri zote, hadi deni la umeme la chumba cha pili. Na Fundi Kesho, bila haraka, anamaliza:

"Kunawa mikono."

Saluni ililipuka. Mtu mmoja alipiga kelele akasema, "Lo, ni mimi yule!" Sikujua ni nani, lakini ninaamini kila mmoja pale alijiona kidogo. Na mimi pia. Kaka alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na beseni la kuoshea nywele. Hakuwa anatazama tivi. Alikuwa anatazama kisogo cha Baba.

Baba hakugeuka. Aliinua mkono tu juu ya vichwa vya watu, kidole gumba kimesimama, kama alivyokuwa akiwaashiria wenzake kiwandani, kwenye kelele za mashine, kwamba mkate umeiva.

Aprili 28
Baba amekwenda dukani mwenyewe. Anasema muuza duka alikaa kimya mbele yake, mdomo ameubana, macho yamemtoka, hathubutu kutamka neno. "Ni-nikavuta kidogo zaidi," Baba akasema. "Kwa ma-makusudi."

Mei 4, Jumapili
Vizuri tena. Ila muziki wa mwisho ni mrefu. Nimemwambia Kaka awaambie.

Mei 9
Mvua sasa ni manyunyu. Filamu mpya ya askari wa maghala imetoka, sehemu ya nne. Bado hajageuka.

Mei 14, Jumatano
Leo wametualika kutazama wanavyorekodi. Mama alivaa kitenge chake cha harusi za watu wakubwa. Mimi nilitengeneza nywele zetu wote wawili, na nilihakikisha kila mtu pale anajua nani alizitengeneza.

Ghorofa ya Tatu haina ghorofa. Ni kuta tatu za mbao na taa nyingi, na lile sinki halijaunganishwa na kitu chochote, jambo ambalo lilimuudhi Kaka tangu siku ya kwanza. Mwongozaji alikuja akamshika Baba mkono kwa mikono miwili. Baba alimpokea vizuri. Mimi nilimpokea wastani.

Tulikaa. Taa zikawaka, kila mtu akashika nafasi yake, mwongozaji akainua mkono. Hapo mwanamke mmoja akatoka nyuma ya pazia, mtu mzima, utepe wa kupimia shingoni na pini zimepangwa kifuani. Ni mtunza mavazi wa kipindi. Mwandishi aliniambia baadaye kwamba amefanya kazi pale kwa muda mrefu na hakuna anayeijua sauti yake. Huelekeza kwa mikono, na wote walidhani ni mtu wa kujisikia. Alipita katikati ya kamera kana kwamba hazipo, akasimama mbele ya baba yangu.

"Shi-shi-shikamoo, mzee."

Baba alisimama. Alimtazama, naye akatazamwa. "Ma-marahaba, mwanangu. Ha-habari za kazi?"

Akaanza kumjibu. Lilikuwa jibu refu, lenye vituo vingi, na Baba alingoja kwenye kila kituo, kisha naye akasema lake, na yule mama akangoja. Hatukusikia yote, walikuwa wanaongea chini. Niliona mabega ya yule mama yakianza kutikisika, nikajua Baba ameshafika kwenye ufagio.

Mwongozaji alitazama saa yake. Akakohoa. "Jamani, taa zinawaka. Tuanze?"

Kaka alikuwa chini ya sinki, kwenye nafasi yake, imetokeza miguu tu. Sauti yake ikatoka huko chini, wazi, kila mtu akaisikia.

"Ngoja kidogo, bosi. Hawajamaliza."

Mwongozaji akashusha mkono. Tukangoja wote.